Fundi Anayesikiliza Pikipiki

Nilipompelekea pikipiki ya umeme iliyogongana na lori, fundi wa mtaa wa Walukuba aliitegea sikio, kama anavyozitegea zote. "Hii imekufa, bwana. Niuzie kama chuma chakavu." Anayeharakisha kununua maiti ameona uhai; nikakataa. Basi akamwita rafiki yake wa Mbale, mtengeneza redio, aunge nyaya, na fundi mwenyewe akanyoosha fremu kwa mikono yake mipana. "Tayari, inawaka," rafiki akasema. Fundi akatega sikio, hakusikia kitu, akazungusha mkono wa mwendo hadi mwisho. Ikaruka naye mpaka kwa mama muuza chapati wa jirani, meza yake ikavunjika. "Si ingenguruma basi," akalalamika, unga umejaa kwenye nyusi. Mimi niliondoka na pikipiki yangu. Yeye alimkandia mama unga wiki nzima kulipia meza, na wateja wanasema chapati hazijawahi kuwa laini vile.