Pazia Letu Kando ya Ziwa la Hatta

Sababu niliyowapa watu ni kwamba mkwe wangu hakupata likizo. Ni kweli, lakini si kweli yote. Yeye ni kijana wa Jinja, Uganda, na kazi yake ni kuwakodishia watalii mitumbwi ya plastiki katika ziwa la Hatta, kule milimani, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini Dubai. Majira ya baridi ndiyo msimu wao. Kuomba likizo Januari ni sawa na mwuza tende kufunga duka Ramadhani. Basi nikautangazia ukoo mzima kwamba harusi ya binti yangu itakuwa ziwani. Wasichana wa saluni ninakofanya kazi ya kuwapaka wateja hina wakaniambia nimekuwa mama wa kisasa, nami nikawaacha waamini hivyo.

Ukweli wenyewe ni kwamba sikuwa na nyumba ya kumpokelea bwana harusi. Nina kitanda. Miaka kumi na mmoja nimepanga kitanda mtaa wa Al Nahda, mjini Dubai, chumba kimoja wanawake watano, kila mmoja na pazia lake. Binti yangu alipomaliza shule akanifuata, tukalala kitanda hicho hicho miaka sita, yeye upande wa ukutani, mimi upande wa pazia. Kwetu Mombasa mwanamume ndiye anayekwenda kwa mke. Huja na watu wake na kasida, wanawake humzuia mlangoni wakamtania mpaka wachoke wenyewe, ndipo huingia, akakaa fungate siku saba. Mimi ningemzuia mlango upi? Mwenzangu wa kitanda cha karibu na dirisha ni mlinzi wa zamu ya usiku, mchana analala. Kasida zingemkuta anakoroma.

Yote haya yangepita kama si shemeji yangu. Mume wangu alifariki zamani, na kaka yake mkubwa ndiye walii wa binti, wa kumwozesha. Miadi ya mahakamani ya kuandikisha ndoa tulikuwa nayo Jumatatu, khutuba na pilau tukavipanga ziwani Jumatano iliyotangulia, na kote kuwili bila yeye hapana ndoa. Mzee akakata tikiti, akaja.

Nami nilikuwa nimemdanganya miaka yote hiyo. Sikuanza kwa kukusudia. Siku moja nilimpigia simu ya video nikiwa nimekaa kwenye kochi jekundu la saluni, wateja hawajafika, akasema, "Mashallah, sebule nzuri." Sikumsahihisha. Tangu hapo kila simu ya Mombasa nilikuwa nikiipigia kwenye kochi lile. Alipofika nikampeleka kwa jamaa yetu mmoja mfanyabiashara, mtaa wa Al Baraha, nikamwambia kwangu kunapakwa rangi. Akaniuliza, "Na lile kochi mmelifunika vizuri?" Nikamjibu tumelifunika. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilikuwa nimeitembea miaka mingi nikajiona nimefika.

Jumatano asubuhi tukapanda gari la kukodi, na wenzangu wanne wa chumbani wakatufuata kwa jingine. Nilikuwa nimepika pilau alfajiri, na kwa baridi ile nikahofia litafika limeganda mafuta. Nikatafuta blanketi, yote yalikuwa na wenyewe wamejifunika. Basi nikavuta pazia langu, zito, la kahawia lenye maua, nikalizungushia sufuria pamoja na pete zake za chuma. Njia nzima pete zinalia kwenye kona. Shemeji alikaa mbele na kanzu, kofia ya darizi na jaketi la kuazima lililomfika magotini, akiutazama mlima ulivyo mtupu na kuniuliza mbuzi wa huku wanakula nini.

Tulipofika jua lilikuwa limepanda ila halina ukali. Maji ya kijani yametulia katikati ya majabali, na upepo unakupenya mpaka kwenye meno. Mkwe wangu alikuwa ameshasimama gatini na wenzake wa kazi, kanzu mpya, anatabasamu hadi masikioni. Nilifurahi kumwona. Binti yangu akafungua mlango ateremke.

"Kaa," shemeji akasema. Akaufunga mlango wa upande wake pia, taratibu. "Huyu mwanamume anatungoja sisi?"

Nikamweleza tena habari ya likizo.

"Kazi naijua, shemeji. Asiache kazi yake, hilo nalikubali. Lakini sisi hatupeleki mtoto wetu. Mtoto wetu hufuatwa. Nyumba ya bibi harusi i wapi hapa? Kama haiko, turudi kwako, rangi itakuwa imekauka. Atakuja akitoka kazini, hata usiku nitamngoja."

Akakunja mikono juu ya jaketi. Ninamjua mzee yule. Akishakunja mikono, huwezi kumkunjua. Ustadhi wetu wa Kizanzibari alikuwa ameshatandika mkeka kwenye kibanda cha kupumzikia watalii, kimoja cha vile vyenye nguzo nne na paa, akawa anatutazama kwa mbali. Bosi wa mkwe wangu, mwenyeji wa milima ile, alikuwa amempa ruhusa mpaka adhuhuri, na ilikuwa imeshagonga saa nne. Nilikasirika. Nilimkasirikia shemeji, nikaikasirikia mila, halafu nikaona nalikasirikia kochi tu.

Binti yangu akaniinamia sikioni, harufu ya asumini imejaa gari. "Mama, mwambie. Mimi sioni haya. Unaona wewe."

Maneno yale yaliniuma. Nikateremka, nikazunguka nyuma ya gari, nikaifungua sufuria. Pazia lilikuwa na joto na mvuke wa bizari. Nikaenda nalo kibandani, nikamwomba ustadhi asogee, nikaichukua kamba tuliyofungia vyombo nikaipitisha kwenye pete na kuifunga nguzo hadi nguzo. Upande mmoja tu ndio uliozibika. Pande nyingine tatu ziwa na mlima vinachungulia. Nikatandika leso, nikawasha udi chetezoni. Kisha nikarudi garini kwenye dirisha la shemeji.

"Nyumba ya bibi harusi ndiyo ile," nikamwambia. "Sikutanii. Lile ndilo pazia letu. Mimi nimepanga kitanda, shemeji, sikupanga nyumba. Kochi ni la saluni. Rangi hakuna. Mtoto amelala nyuma ya kitambaa kile miaka sita, na hajanifedhehesha hata siku moja."

Alilitazama pazia muda mrefu, upepo unalijaza na kulitua. Nikaanza kuhesabu matusi niliyostahili. Mwishowe akauliza, "Alilala upande gani?"

"Wa ukutani."

"Na wewe?"

"Wa pazia."

Akashusha pumzi, akafungua mlango. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja mpaka gatini, jaketi linampiga magotini, akamwambia mkwe wangu, "Bwana, umekosea. Umefika kabla ya kuja. Rudi ulikotoka, uje upya."

Maskini kijana alidhani amefukuzwa. "Mzee, mimi nimefanya nini mbaya?" Ikabidi binti yangu amweleze kutoka dirishani, anacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Bosi wake aliposikia akawapa mitumbwi mitatu ya manjano. "Yalla, nusu saa, khalas," akasema, lakini alikaa kutazama kama sisi sote. Wakapiga makasia mpaka ng'ambo, wakageuza. Bwana harusi mbele amepandisha kanzu mapajani, ustadhi katika mtumbwi wa nyuma ameshika kofia kwa mkono mmoja na ubavu wa mtumbwi kwa mwingine, anaimba kasida kwa sauti ya mtu asiyejua kuogelea. Mlima ukawa unaitikia. Watalii wawili wakaweka makasia chini.

Sisi wanawake watano wa chumba kimoja tulisimama mbele ya pazia tukamzuia. Yule mlinzi wa zamu ya usiku alikuwa mkali kuliko wote. Alimdai vitambulisho. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Wanaume wakakaa mkekani upande wa nje, binti yangu ndani na mimi ubavuni pake. Ikabaki walii aje kumwuliza bibi harusi idhini yake. Angeweza kuzunguka, kibanda kilikuwa wazi pande tatu, na hata kutoka mkekani alikuwa anatuona pembeni ya pazia. Hakuzunguka. Nikaona vidole vya miguu yake, ndani ya makubadhi, vikisimama chini ya pindo la pazia.

"Hodi," akasema. "Hodi, wenyewe."

Miaka kumi na mmoja lile pazia lilivutwa na kila mwenye kutafuta chaja au chumvi, na hakuna aliyelipigia hodi. Binti yangu akanishika mkono.

"Karibu, shemeji," nikasema. "Vua viatu tu."

Akavua.