Sombe ya Kuongeza Damu

Ugonjwa wa mke wangu ni wa mishipa ya damu: mwili wenyewe unaishambulia. Munganga alitueleza, kama nilimwelewa vizuri, kwamba unaweza kugandisha damu huku na kuivujisha kule. Kwake vyote viwili vilikuja. Damu iliganda mguuni, akapewa kinini, kidonge cha kuizuia isigande. Kisha akaanza kukohoa damu. Majirani walisema kifua kikuu. Siwalaumu, hata mimi niliwaza hivyo. Kumbe mapafu yalikuwa yanavuja. Hospitalini wakasimamisha kile kinini, wakautuliza kwanza ugonjwa wenyewe kwa dawa zingine, na uvujaji ulipokwisha wakakirudisha polepole.

Alirudi nyumbani Kamembe midomo imempauka. Mimi ni fundi wa mbao, dawa sizijui, lakini hapa kila muntu anajua kwamba sombe, majani ya muhogo, inaongeza damu. Nikamwomba shemeji, dada yake wa Mururu, atuletee. Akawa analeta kila baada ya siku mbili, ameshaitwanga. Mke wangu akala, nadhani zaidi kwa kutufurahisha.

Kwenye kipimo cha damu kilichofuata tukaambiwa damu imerudia kuganda haraka. Njiani nikamuuliza kama anaruka vinini. Akasema hapana. Sikumwamini. Kwenye kaye ninamoandika mambo ya nyumbani nikaandika: Anaficha.

Tuliporudi hospitalini, munganga akauliza anakula nini. Nikafungua kaye, nikasoma: sombe, lengalenga, sombe, sombe.

“Hii sombe nani aliianzisha?”

Ningeweza kumtaja shemeji. Nikasema ni mimi.

Akaeleza, bila ukali, kwamba majani ya kijani ya namna hiyo yanapunguza nguvu za kile kinini. Mke wangu akanigeukia. “Papa, ulikuwa unaniuguza ao unapigana na dawa?” Munganga mwenyewe akacheka.

Nilidhani atakataza sombe kabisa. Hapana: ikikatwa ghafla, kinini kinaweza kuzidi nguvu na mapafu yakavuja tena. Ale kidogo, kiasi kilekile kila juma, na mabadiliko yoyote tumwambie. Dozi akaipanga yeye.

Nyumbani nilitaka kupasua ule ukurasa. Mke wangu akanizuia.

“Usipasue. Andika chini yake.”

Nikaandika: Hakuficha. Ni sombe yangu.

Shemeji anapoleta sufuria sasa, tunatoa kibakuli kimoja, kilekile cha buluu, nyingine anarudi nayo. Kipimo cha mwisho kilikuwa kizuri. Sijui kama ni kibakuli ao ni dozi mpya. Nimeandika vyote viwili.