Suti ya Harusi Kwenye Kituo cha Majani Chai

Huyo aliyeandika kile kitabu cha utajiri, nikimpata, atanichumia chai mwaka mzima. Alisema tuvae kama matajiri ndipo utajiri utufuate, na mimi, mtu mzima, nikaamini. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba bado nakipenda. Nimekisoma hadi kimechanika.

Juzi nilivaa suti yangu ya harusi nikatangulia kwenye kituo cha kuuzia majani ng'ambo ya mto, maana chetu kimefungwa, nikamwacha mke wangu aje nyuma na gunia. Huko hawanijui. Wakulima wakadhani mimi ni mkaguzi kutoka kiwandani, wakaanza haraka haraka kutoa kwenye magunia yao majani makubwa, yale ambayo kiwanda hukataa. Karani akanipa kiti chake. Kitabu kilisema tajiri hakatai heshima, basi nikakaa. Hata nikamfokea mama mmoja, "Majani mawili na chipukizi, hamsikii?"

Kisha akafika mke wangu na gunia letu, akalimwaga mezani. Majani yalikuwa makubwa, magumu, ya kulisha mbuzi.

Karani akanigeukia. "Bosi, hii si turudishe?"

Mke wangu akaniangalia kutoka tai hadi viatu.

"Baba Chebet," akasema, "waambie basi ni nani alichuma hii akisoma kitabu."