Ekipe ya pikipiki ya kiwanda chetu Rumonge: ilivyovuma, ilivyozimika

Wakuu, amahoro.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi. Nilikulia ukimbizini Tanzania, nikarudi Burundi, nikapata kazi ya ufundi Rumonge kwenye kikampuni kilichokuwa kinaunda pikipiki. Jina naliacha.

Patron, yaani bosi wetu, alitaka pikipiki zake zijulikane, akaanzisha ekipe, timu ya mashindano. Dereva wetu mkuu alikuwa Furaha, mama kutoka Kivu Kusini. Zamani alibeba samaki wa Magara kwa pikipiki, na samaki hawasubiri mtu, so mwendo alikuwa nao.

Race ya kwanza ilikuwa Minago, njia ya vumbi katikati ya michikichi. Furaha akawaacha wote. Muda si mrefu pikipiki zetu zikawa zinaulizwa mpaka Bugarama. Tulitembea vifua mbele, acheni tu!

Sasa hapa ndipo ninaposhangaa mpaka leo.

Tulivyozidi kushinda, patron akazidi kunogewa. Kwenye pikipiki ya mashindano tukaweka engine kutoka nchi za nje. Shokapu za nje. Mwishowe chetu kilibaki tangi na rangi.

Siku moja akaja muuza mawese, pikipiki aliyonunua kwetu imemfia mlimani. Akamuuliza Furaha, kwa upole kabisa:

"Mama, ile unashindaka nayo, iko sawa na hii yangu?"

 Furaha akaenda moja kwa moja kwa patron.

"Patron, course ya mashindano yenye inakuja, nitapanda ile tunauzia watu."

"Utashindwa."

"Nishindwe. Waone yenye wananunua."

Patron alikataa, halafu akakubali kwa hasira. Nadhani bado aliamini itashinda.

Haikushinda. Mnyororo ulichomoka mara kwa mara, Furaha akafika wa mwisho, akiisukuma. Watu wakampigia makofi kuliko siku zote. Wateja wakapungua, ekipe ikavunjwa, baadaye kiwanda nacho kikafungwa.

Wenzetu wengi walimlaumu, na mimi pia nilipoteza kazi. Nikamuuliza kama anajuta.

"Uchungu iko," akasema. "Lakini ule papa wa mawese aliuliza mimi. Hakuuliza patron."

Nilichojifunza: ile hela ya engine ya nje ingetengeneza minyororo yetu.

Ila bado najiuliza, wakuu. Ni Furaha aliyekiua kiwanda, au kilikuwa kimeshakufa, makelele ya ushindi yakatuziba masikio? Waliowahi kufanya kazi sehemu kama hizi, nisaidieni kulielewa hili. Murakoze.