Mama Chupa Tupu

Mara ya kwanza kukutana naye tuligombana juu ya chupa isiyo na kitu. Nilikuwa nimepeleka maabara karanga zangu za kukaanga, nipate cheti alichotaka mnunuzi wa ng'ambo. Mpimaji, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaniambia nisubiri siku mbili zaidi, kwa sababu kila kipimo hukiambatanisha na chupa tupu: dawa zilezile, vyombo vilevile, ila karanga hamna. Nikamwambia sikupanga foleni tangu alfajiri ili apime hewa.

"Kaka, hiyo hewa ndiyo inayonilinda na watu kama wewe," alijibu bila kuinua macho.

Wenzake walimwita Mama Chupa Tupu, tena mbele yake. Kwa miaka ishirini na sita alitafuta kitu kimoja: hidrokaboni za pete nyingi, zile zinazozaliwa mbegu, nyama au kuni zikipata moto mkali, kaboni zikashikana pete kwa pete kama masega ya nyuki. Baadhi yake huleta saratani. Alisaga karanga, akatoa mafuta, akayachuja, akadondosha tone kwenye kipande cha kioo kilichopakwa unga mweupe, kisha akakisimamisha ndani ya dawa. Dawa ilipopanda kwenye kioo ilizibeba hidrokaboni hizo, kila aina ikaishia kimo chake. Alizima taa, akawasha ya zambarau, na kama zipo, madoa yaling'aa buluu. Akayalinganisha na yale anayoyajua, yaliyopangwa pembeni. Kazi hiyo ilimla macho na mgongo. Aliwahi kuniambia kuna siku hulala na viatu.

Karanga zangu zilifaulu. Hata hivyo nilimwandikia mkuu wa maabara kwamba nusu ya kazi yao ni kupima kitu ambacho hakipo. Wateja wengine nao walikuwa wameshalalamika. Mkuu akapiga marufuku chupa tupu.

Msimu uliofuata karanga zikafeli. Nikabadilisha kuni, nikabadilisha pipa, zikafeli tena. Mnunuzi akanipa siku nane.

Siku ya tatu nilimkuta mpimaji ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mlango wa oveni ya kukaushia vyombo uko wazi. Alikuwa amepima chupa tupu kwa siri, nayo ikang'aa buluu: uchafu ulitoka maabara, si kwenye karanga. Akakagua dawa, pamba, sabuni, hadi akafika hapo. Ndani ya oveni, kwenye ukuta wa nyuma, mafuta ya nyama yalikuwa yameungua yakawa lami. Jiko la wafanyakazi liliharibika, wakawa wanapashia chakula humo, mkuu akiwa wa kwanza. Moshi ulikuwa umevipaka vyombo vyote.

Nilifurahi. Nikamwambia aoshe vyombo, anipimie upya, anipe cheti nikimbie.

"Kuna wateja kumi na mmoja waliofelishwa kama wewe," alisema. "Nafuta majibu yote, naanza kwa zamu. Wewe ni wa tisa. Hesabu wiki tatu."

"Wengine hawajui, dada. Anza na mimi."

"Hata wewe juzi hukujua."

Nilijaribu kila njia niliyonayo, na ninazo nyingi. Hakubishana nami, alikuwa amechoka mno kubishana. Mkuu naye alimtaka aandike kwenye ripoti kwamba dawa ndizo zilizokuwa mbovu. Akaandika oveni, akataja chakula, akatia sahihi.

Cheti changu kilitoka siku ya ishirini na mbili, safi kabisa. Mnunuzi alikuwa ameshapakia karanga za mtu mwingine, na hajarudi kwangu. Zangu niliziuza sokoni kwa bei ya kutupa. Mpimaji alihamishiwa dirisha la mapokezi, kubandika lebo. Taa ya zambarau anaiwasha mtu mwingine, lakini chupa tupu ilirudishwa, na sasa imo kwenye kanuni.

Nikipeleka mzigo ni yeye anayeupokea. Anauliza kama nina haraka. Namwambia ninayo, ila ile chupa iwekwe.