Choo cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alivunjika goti akimfukuza mbuzi wa jirani kutoka shamba lake la ndengu, kule chini Mbeere ambako jua haliombi ruhusa. Mbuzi hakupatikana. Goti lilifungwa plasta, na plasta ilipotolewa daktari wa Embu akasema goti likunjwe na kunyooshwa hospitalini mara tatu kwa wiki, kwa miezi miwili. La sivyo litakauka kama mpini wa jembe, na mwenye nalo atatembea akichora nusu duara mavumbini maisha yake yote.

Sisi tulikuwa tukiishi Dallas, mtaa wa mjini Embu ulio mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali hiyo. Mgeni angeuliza shida iko wapi. Shida ni kwamba mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Hamtazami usoni, hali naye meza moja, na tukifika kwenye suala la choo, afadhali tuzungumzie mvua. Mke wangu na mchungaji walimsihi mama wiki nzima. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: apewe choo na bafu lake, ambamo mimi sitatia mguu.

Nilikubali haraka, kwa ukarimu wa mtu aliyestaarabika. Mimi ni mwalimu wa chuo. Niliwahi kuandika makala ndefu ya kuzicheka mila za namna hiyo, na ndani yake nilitumia neno "masalia" mara nne.

Nyumba yetu ilijengwa miaka ya mwanzo ya uhuru na mtumishi wa serikali ambaye nadhani aliamini kuoga ni adhabu. Ilikuwa na mabafu mawili yaliyotazamana koridoni, kila moja na sakafu ya saruji nyekundu, choo cha kuchuchumaa, na tangi la maji juu kabisa karibu na dari. Mnyororo wa tangi letu ulikatika zamani, nami nikaufunga kwa kamba ya kiatu. Mtu mwenye goti lisilokunjika hawezi kuchuchumaa, kwa hiyo mpango ulikuwa rahisi: bafu la kushoto litiwe choo cha kukalia, liwe la mama. La kulia libaki letu na kamba yake ya kiatu.

Fundi tuliyempata alikuwa mtu wa Laare, na shavu lake la kushoto halikuwahi kukosa miraa. Siku ya kwanza aliinua nyundo, kisha akauliza, "Mwalimu, hiki ni cha nani?"

"Cha mama mkwe."

Akaiweka nyundo chini. "Na wewe?"

"Mimi natumia hicho kingine."

Akatazama mlango mmoja, akatazama wa pili. Kati yao palikuwa na hatua mbili. "Kwa hivyo wewe unatoka hapa na taulo, yeye anatoka pale na taulo, mnasalimiana?"

"Nitabisha hodi kabla ya kutoka."

"Hodi ya kutoka! Mwalimu, hiyo digrii uliisomea wapi?"

Akakataa kuanza kazi. Alisema kwao Meru fundi aliyejenga aibu kama hiyo haitwi tena hata kujenga kibanda cha kuku. Mlango wangu lazima uzibwe, nami niingie bafuni kwa kupitia chumba cha kulala. Nilipojaribu kumweleza kuhusu bei ya ukuta, alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mlevi akihubiri.

Basi ukuta ukavunjwa. Ndani yake tukakuta mabomba ya chuma yaliyooza kama mihogo iliyosahauliwa shambani, na ukigusa moja, lile la nyuma yake lilikatika kwa kumhurumia mwenzake. Kufikia jioni bafu langu lilikuwa shimo. Fundi akanifariji kwamba ataanza na cha mama, kwa sababu cha mama ndicho chenye haraka.

Na kweli akakimaliza vizuri. Vigae vyake vilipanda kidogo kidogo kuelekea dirishani, kama barabara ya kwenda milima ya Nyambene, lakini choo na kikalio chake vilikaa imara, na pembeni alifunga vyuma viwili vya kushikilia ambavyo ng'ombe angeweza kuning'inia kwavyo. Kisha akapigiwa simu kwamba shangazi yake amefariki, akaenda Laare kuzika. Mafundi wana shangazi wengi.

Mama mkwe akaja kesho yake. Alinisalimu akiutazama mti wa parachichi, nami nikamjibu nikilitazama tairi la gari. Tangu siku hiyo nikawa naoga chuoni, kwenye bafu la walimu. Kila asubuhi nilibeba taulo, sabuni na kandambili katika mkoba wa vitabu, na wanafunzi wangu wakavutiwa na jinsi mwalimu wao alivyopenda kusoma alfajiri.

Wiki ya pili mambo yaliharibika. Maji yalikatika chuoni, nami nikarudi nyumbani mchana kwa mwendo wa kasi, tumbo likibishana na githeri, yale mahindi na maharagwe ya kantini. Mke wangu alikuwa amempeleka mama hospitalini. Nilisimama koridoni nikafikiri kama msomi, kwa muda mfupi sana. Mila inahusu watu wawili, mmoja hayupo, kwa hiyo hakuna mila. Nikaingia. Nilitoka mtu mpya, nikafungua dirisha, nikapangusa sakafu, nikarudi kazini nikijisifu kwamba sikuacha alama yoyote.

Jioni mke wangu alikuja chumbani akafunga mlango nyuma yake.

"Umeingia choo cha mama."

"Nani amesema?"

"Kikalio."

"Kikalio hakisemi."

"Kilikuwa kimesimama. Kwa hii nyumba, nani mwingine hukisimamisha?"

Nilikuwa nimekiinua ili nikipanguse. Chuo kikuu hawakutufundisha kukishusha.

"Na mama amesema nini?"

"Ametoa nguo zake kwa kabati anazikunja. Ati Ijumaa anarudi Mbeere." Sauti yake ikapungua. "Leo goti limekunjika kidogo, mara ya kwanza. Daktari amefurahi. Sasa mama atachechemea mpaka kaburini kwa sababu msomi alishindwa kungoja."

Ilikuwa Jumanne. Nilikwenda nje, nikampigia fundi simu nikitarajia visingizio, nikamwambia ukweli wote.

Nilisikia watu wakiimba nyuma yake, kwa hiyo labda shangazi alikuwa wa kweli. "Mwalimu. Umetumia?"

"Nimetumia."

"Na ukaacha kimesimama?"

"Ndiyo."

"Haiya," akasema. "Nakuja."

Asubuhi alikuwa mlangoni na kikalio kipya kifuani. Alikwenda moja kwa moja barazani, alikokaa mama mkwe akichagua ndengu, akamwonyesha kikiwa bado kimefungwa kwa nailoni. "Shosho, gusa. Hakijafunguliwa." Kisha akaenda bafuni, akang'oa kile nilichokitia aibu, akakisugua choo kwa dawa hadi macho yetu yote yakatoa machozi. Alipita tena barazani na kile cha zamani ndani ya gunia, mkono ameunyoosha kama aliyeua nyoka.

"Kinaenda wapi?" mama mkwe akauliza bila kuinua macho.

"Mbali, shosho."

"Mbali wapi?"

"Mbali kabisa."

Akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni, na alasiri hiyo akakifunga bafuni kwangu, juu ya choo cha kukalia alichokitia mahali pa kile cha kuchuchumaa. Mwisho alitia kufuli kwenye mlango wa mama na kumkabidhi ufunguo, naye akaufunga kwenye pembe ya leso yake kwa mafundo mawili. Lakini begi lake lilibaki kitandani, limejaa.

Fundi alifanya kazi Jumatano na Alhamisi bila kupumzisha shavu, na Ijumaa asubuhi akaniambia, "Ingia." Niliingia kwa kupitia chumba cha kulala, kama mwana wa mfalme, nikafungua maji. Yalitoka yakikohoa, yakatoa kutu, kisha yakamwagika kwa kishindo. Mara nikasikia sauti kutoka barazani. Mama mkwe alikuwa ameanza wimbo wa kanisani, kwa nguvu, ili asisikie mkwewe anafanya nini. Aliimba beti zote. Nilipofunga maji, akanyamaza. Nilipoyafungua tena, akarudia ubeti wa kwanza.

Nilipotoka, nikiwa nimevaa mpaka tai, nilimkuta ameketi kiti cha nyuma cha gari, mguu ameunyoosha, kadi ya hospitali mkononi, bila begi. Mke wangu akaingia mbele.

"Mwambie mume wako," mama mkwe akamwambia, "asipitie ile njia yenye mashimo. Goti linauma."

Nilikuwa nimeketi mbele yake kwenye usukani, karibu kuliko urefu wa mkono. Nikangoja mke wangu aniambie, kisha nikawasha gari.