Upande wa Kioo Unaokwaruza

Ukimwuliza Profesa ni nini kilichoipa maabara ile jina, atakutajia mashine. Asikudanganye. Maabara ilisimama kwa vidole vya mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye wote, hadi Profesa mwenyewe aliyemzidi umri, walimwita Shangazi.

Shangazi aliingia pale kama mfagiaji. Siku moja, miaka kumi na tisa iliyopita, alikuwa akifuta vumbi mezani, akaokota kipande cha kioo, akakipitishia kidole huku na huku, akasema, "Hiki mmekilaza kifudifudi." Wasomi wakacheka. Walipopima, wakakigeuza.

Kioo chenyewe si cha dirishani; ni cha kutengenezea seli za umeme wa jua. Upande mmoja umepakwa oksidi ya bati, utando usioonekana kwa macho, nao ndio unaopitisha umeme. Juu ya utando huo ndipo hupakwa uji mweupe wa oksidi ya titani, unga uleule unaoipa rangi ya ukutani weupe wake. Kioo huokwa tanurini, kisha hulowekwa kwenye rangi nyekundu. Rangi ikinasa mwanga wa jua, oksidi ya titani hupokea umeme na kuushusha kwenye utando wa kioo. Ukipaka mgongoni, umeme hauna pa kwenda, hata jua liwake namna gani. Wenzake waliutambua upande kwa kipima umeme. Shangazi aliutambua kwa ncha ya kidole: upande wenye oksidi hukwaruza kidogo sana, kama shavu la mwanamume aliyenyoa jana. Mfano huo ni wake, si wangu, na aliutoa mbele ya wageni wa heshima.

Basi wakamvua aproni ya usafi, wakamvika koti jeupe, kazi yake ikawa kupanga vioo, upande unaokwaruza ukiwa juu. Alilipiga pasi kila jioni. Majirani walimwita daktari, naye hakuwahi kujisumbua kuwasahihisha.

Mwaka huu kisukari kikamwingia vidoleni. Kwanza ganzi ilikuja na kuondoka, baadaye ikahamia kabisa. Kioo kikawa laini pande zote mbili. Angechukua kipima umeme tu, yakaisha. Lakini mtu aliyewacheka wenye vipima umeme miaka kumi na tisa angeanzia wapi? Na koti likivuliwa, si anarudi kwenye ufagio? Akajitia hamnazo, akawa anabahatisha.

Huko kubahatisha kulimwangukia binti mmoja wa shahada ya pili, mpole, aliyetumia vioo vilivyopangwa na Shangazi. Hakuvipima. Nani angethubutu kumpima Shangazi? Nusu ya seli zake zilitoa umeme, nusu zilikuwa mfu, na hapakuwa na mpangilio wowote. Akabadilisha rangi. Akapunguza moto wa tanuri. Wiki ya tatu Shangazi alimkuta nyuma ya mlango wa stoo analia, akampa maji na kumwambia ajikaze. Hilo la maji ndilo lililomtafuna Shangazi kuliko yote.

Ijumaa asubuhi Profesa akamsimamisha binti mbele ya meza yenye seli ishirini na nne.

"Majibu yako yanayumba. Huu ni uzembe. Kuanzia Jumatatu mradi huu anapewa mtu mwingine."

"Profesa, nimefuata kila hatua."

"Hatua zipi? Shangazi anakupangia vioo, kazi yako ni kupaka tu, na bado unaharibu!"

Shangazi alikuwa kwenye sinki akisuuza mabeseni. Akasikia jina lake likigeuzwa fimbo ya kumchapia mtoto wa watu. Angenyamaza, na hakuna ambaye angejua. Simvishi kilemba cha ukoka: alinyamaza kweli, mabeseni mawili mazima. Ndipo akafunga bomba.

"Profesa, muache huyo. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Vioo. Vingine nimevigeuza. Vidole vyangu havisikii kitu tangu mwezi wa pili. Nilikuwa nabahatisha."

Profesa alichukua kipima umeme, akazipima seli mfu moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na moja, na zote zilipakwa mgongoni. Akamtazama Shangazi, akatoka kwenda kupiga simu ambayo sidhani kama ilikuwepo.

Shangazi akaanza kufungua vifungo vya koti. Navyo hakuvisikia vidoleni, akawa anahangaika na kile cha kwanza. Binti akamsogelea. Shangazi alidhani anakuja kumkumbatia, lakini wapi.

"Wiki tatu, Shangazi! Nimempigia mama simu, nikamwambia sina akili. Na wewe unaniletea maji!"

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

"Sijakusamehe."

Akaushika mkono wa Shangazi, machozi ya hasira bado yanamtoka, akaokota kioo kitupu na kukipitisha kwenye kidole cha shahada.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Hapa je?"

"Hapana, mwanangu."

Wakaenda kidole kwa kidole, mkono wa kulia wote, wakahamia wa kushoto. Walipofika kidole kidogo, Shangazi akashtuka.

"Hicho kinasikia. Kinakwaruza."

Binti akakigeuza kioo, akajaribu tena, akakigeuza mara ya pili. Shangazi hakukosea hata mara moja. Binti akafuta uso kwa mkono wa koti lake, akamsogezea sinia la vioo vipya.

"Panga kwa hicho," akasema. "Mimi nitapima kila kimoja nyuma yako."